Asali, Choya na Bandeji Itoayo Habari

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nchi zenye viwanda vingi wamekuwa wakitangaza aina mpya ya bandeji. Bandeji hiyo haifuniki kidonda tu. Ndani yake mna vihisi, yaani vyombo vidogo vitambuavyo joto, unyevu au ukali wa asidi katika kidonda, na kumpa mganga habari kabla kitambaa hakijafunguliwa. Wengine wamekwenda hatua zaidi, wakajaribu kuviunganisha vihisi hivyo na dawa za asili kama vile asali na ute wa mshubiri. Huenda mtu akadhani kuwa mambo haya hayamhusu mwalimu wa sekondari wa Bahi wala mwanafunzi wa Kongwa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba yanawahusu sana, na kwamba sehemu ya kazi hii yaweza kuanzia huku kwetu, maadam tuko tayari kuuliza maswali yaliyo sahihi na kuyakataa majibu ya mkato.

Kidonda katika nchi kavu

Mji wa Dodoma uko katika uwanda ulioinuka zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni haba, aghalabu kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, nazo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia ni ya jua, upepo na vumbi. Wakazi wengi wa vijijini ni wakulima na wafugaji. Kazi zao ni za jembe, shoka na panga. Njia zao zimejaa miiba ya migunga. Mapishi yao ni ya mafiga, na watoto huota moto papo hapo sufuria ichemkapo. Kwa hiyo kuumia ni jambo la kila siku, na kila kaya ina ujuzi wake wa kukifunga kidonda.

Vidonda vingi hupona. Taabu iko katika vile visivyopona. Mfano mkubwa ni ule wa mtu mwenye kisukari. Ugonjwa huu, ukikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni hata mgonjwa akakanyaga mwiba asisikie. Tena damu haifiki miguuni ipasavyo. Kidonda kidogo cha unyayoni huweza kuingiwa na vijidudu, kikachimba hadi kwenye mfupa, na mwisho wake ukawa kukatwa mguu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ni miongoni mwa walioshiriki katika mpango uliojulikana kwa jina la Step by Step, ambao uliwafunza madaktari na wauguzi wa Tanzania na India namna ya kuitunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Fundisho kuu la kazi ya namna hiyo ni kwamba miguu mingi ikatwayo ingeweza kuokolewa kama kidonda kingetambuliwa mapema.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kati ya siku ambayo kidonda kinaanza kuharibika na siku ambayo mgonjwa anafika hospitali, zipo siku kadhaa ambazo hakuna ajuaye kinachotendeka chini ya kitambaa. Mkulima aishiye mbali na zahanati hawezi kwenda kila asubuhi kufunguliwa bandeji. Wala kuifungua kila mara si jambo jema. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kuwa jeraha la juujuu lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili kuliko lile lililoachwa likauke na kufanya gaga. Shashi kavu, ambayo wauguzi huiita gozi, ikigandamana na kidonda kisha ikabanduliwa, huchuna nyama changa pamoja nayo. Basi tuna mahitaji mawili yanayopingana: kidonda chataka kuachwa kitulie, na muuguzi ataka kukiona. Bandeji yenye kihisi imezaliwa kutokana na mgongano huo, na mgongano huo uko Dodoma kama ulivyo California.

Dalili nne za kale na ngozi yetu

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Tangu zama za Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, vitabu vya utabibu vimefundisha kwamba dalili za uvimbe wenye madhara ni nne: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Wanafunzi wetu wa biolojia huzikariri. Sasa na tuzipime kwa mgonjwa wetu. Wekundu hauonekani kwa urahisi katika ngozi nyeusi. Mara nyingi huwa ni weusi uliokolea zaidi au rangi ya zambarau, na jicho lisilozoea hupitwa nao. Maumivu hayapo kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Katika dalili nne zimebaki mbili, yaani joto na kuvimba.

Ni dhahiri, basi, kwamba chombo kipimacho joto kina faida kubwa zaidi kwa mgonjwa wetu kuliko kwa yule ambaye vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili yake. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba, kwa mgonjwa wa kisukari, mahali pamoja pa mguu pakiwa na joto lililozidi la mahali kama hapo katika mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi, hiyo ni ishara ya hatari. Na wagonjwa waliopima kila siku, wakaupumzisha mguu walipoona tofauti hiyo, walipata vidonda vichache kuliko wenzao. Mwalimu wa fizikia ataona mara moja uzuri wa njia hii. Joto la mchana wa Oktoba huko Manyoni huigusa miguu yote miwili, na kwa hiyo kulinganisha mguu mmoja na mwenzake huondoa sehemu kubwa ya athari ya hali ya hewa. Hapahitajiwi mtambo wa ajabu. Zipo karatasi zenye fuwele za kimiminiko ambazo hubadili rangi kwa kufuata joto, na kipimajoto cha kawaida cha kugusa ngozi huweza kutosha.

Asali: ijulikanayo na isiyojulikana

Tukija kwenye dawa za asili, hatuna budi kuanza na asali, kwani nyanda za kati ni nchi ya nyuki. Vichaka vya Itigi, misitu ya Manyoni, Kondoa na Chemba hutoa asali nyingi, na wazee wa huko wamekuwa wakiipaka kwenye vidonda na majeraha ya moto tangu zamani. Hawako peke yao. Mafunjo ya Misri yajulikanayo kwa jina la Edwin Smith, yaliyoandikwa yapata mwaka 1600 K.K., yanataja asali katika kutibu majeraha.

Sayansi imeeleza kwa nini dawa hii hufanya kazi. Kwanza, kiasi cha asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji yake ni machache. Hivyo huvuta maji kutoka kwa vijidudu na kuvinyima hali ya kuishi. Pili, asali ni asidi. pH yake huwa kati ya 3.2 na 4.5. Tatu, nyuki hutia ndani yake kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Kimeng'enya hiki hulala asali ikiwa nzito, lakini ikichanganyika na maji ya kidonda huamka na kutengeneza haidrojeni peroksaidi polepole. Kiasi chake ni kidogo, yapata mara 1,000 pungufu kuliko kile cha dawa ya kuoshea vidonda yenye asilimia 3. Kwa sababu hiyo huweza kuvizuia vijidudu bila kuiunguza nyama changa.

Je, majaribio kwa wagonjwa yanasema nini? Mwaka 2015 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa majaribio 26 yaliyohusu watu 3,011. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyozama sana yalipona siku 4 hadi 5 mapema kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida, na kwamba vidonda vya upasuaji vilivyoingiwa na vijidudu vilipona haraka zaidi kuliko vilivyotiwa dawa za kuulia vijidudu na kufungwa kwa shashi. Kwa vidonda vya miguu vya kisukari ushahidi haukutosha kukata shauri. Twapaswa kuyasema yote mawili kwa sauti ileile, kwani mwalimu asomaye nusu ya habari hufundisha nusu ya ukweli.

Yafaa pia kueleza kwamba asali itumikayo hospitalini si ile ya chupani. Asali mbichi huweza kuwa na mbegu za bakteria wa Clostridium, wa jamii ile iletayo pepopunda na ile inayosumisha chakula. Mbegu hizo hustahimili mambo mengi. Ukiipasha asali moto ili kuziua, utakiua kwanza kile kimeng'enya ambacho ndicho tunachokitaka. Ndiyo sababu viwanda vya dawa husafisha asali kwa mionzi ya gama, ambayo huziua mbegu na kuuacha uwezo wa asali karibu vile vile. Asali iuzwayo kando ya barabara kuu, ikiwa imepangwa juani katika chupa za maji, ni tamu kwa chai. Lakini jua limekwisha kuanza kuuharibu uwezo wake wa dawa. Mwenye jeraha lenye udongo, hata akipaka asali ya namna gani, bado anahitaji kwenda zahanati kupata chanjo ya pepopunda.

Dawa na kihisi vinapogombana

Sasa tuviunganishe viwili. Katika Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts walieleza mwaka 2018 bandeji yenye vihisi vya pH na joto, pamoja na dawa inayofunguliwa kwa umeme. Mwaka 2022 wenzao wa Stanford, na mwaka 2023 wale wa Caltech, walieleza bandeji nyingine zilizojaribiwa kwa wanyama wa maabara, nazo huongeza mshtuko mdogo wa umeme ili kuharakisha kupona. Kazi hizo ni za kusifiwa. Walakini hatuwezi kuzichukua na kuzimiminia asali juu yake, na sababu ni ya kemia ya sekondari.

Ngozi nzima ina asidi kidogo, pH yake ikiwa kati ya 4 na 6. Kidonda sugu kilichojaa bakteria huelekea kwenye besi, aghalabu kati ya 7 na 9. Kihisi cha pH hutumia tofauti hiyo: pH ikipanda, hutoa onyo. Lakini asali yenyewe ni asidi. Ukiitia asali ndani ya bandeji, pH itashuka kwa sababu ya asali, si kwa sababu kidonda kimepona. Kihisi kitasema "salama" ilhali bakteria wanaendelea na kazi yao. Tena haidrojeni peroksaidi ya asali huweza kupausha rangi za kutambulishia asidi. Kwa maneno mengine, dawa humdanganya mpimaji. Mtu anayesifu bandeji ya "asili na ya kisasa" bila kulieleza jambo hili hajafikiri vya kutosha.

Maoni ya mwandishi ni kwamba tatizo hili lina njia ya kutokea, nayo ni kubadili swali. Badala ya kukiuliza kihisi "Je, kidonda kina vijidudu?", tukiulize "Je, dawa bado imo?" Maji ya kidonda huizimua asali na kuichukua saa baada ya saa. Asali ikiwapo, pH iko chini. Asali ikiisha, maji ya kidonda hushinda na pH hupanda. Wakati huo, na si kabla, ndio wakati wa kubadili bandeji. Kihisi kinachojibu swali hilo huzuia makosa mawili: kufungua bandeji bure, jambo linalokichokoza kidonda na kumaliza akiba ya zahanati, na kuiacha bandeji iliyokwisha nguvu, jambo linalowapa bakteria nafasi. Tena bandeji ambayo asali yake huisha haraka kuliko ilivyotarajiwa inatoa habari nyingine, kwamba kidonda kinatoa maji mengi mno na mgonjwa huyo aonwe na daktari. Suala la vijidudu tuliachie joto, uvimbe, harufu na jicho la muuguzi.

Rangi iliyomo shambani

Kihisi cha namna hiyo si lazima kiwe cha umeme. Wenyeji wa Dodoma wanalima choya, ambayo wengine huiita rosela, na vikonyo vyake vyekundu hukaushwa na kuchemshwa kuwa kinywaji. Wekundu ule unatokana na rangi za jamii ya anthosayanini. Rangi hizo ni nyekundu ndani ya asidi, hupauka zinapokaribia hali ya kati, kisha huwa za zambarau au buluu iliyofifia, na hatimaye kijani kadiri besi inavyozidi. Rangi za jamii hiyohiyo zimo katika maganda ya zabibu nyekundu. Zabibu huvunwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, na baada ya mvinyo kukamuliwa hubaki makapi ambayo thamani yake ni ndogo. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikiishughulikia zabibu kama tunda na kama mvinyo. Hapana sababu ya kutoishughulikia kama rangi ya maabara.

Walimu wa kemia waweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama kubwa. Chemsha choya kavu katika maji machache, uichuje, utumbukize humo karatasi za kuchujia, kisha uzianike kivulini. Kata vipande vyembamba. Jaribu kipande kimoja katika maji ya limau, kingine katika maji safi, kingine katika maji yenye magadi kidogo, ukilinganisha na karatasi za litmasi. Baada ya hapo fanya jaribio lenye maana zaidi. Weka tone la asali juu ya kipande cha karatasi, kisha udondoshe maji yenye magadi kidogo sana, tone baada ya tone, ukihesabu mpaka rangi igeuke. Rudia kwa asali ya nyuki wakubwa kutoka porini, kwa asali ya nyuki wadogo wasiouma, na kwa asali iliyokaa juani. Fanya kila jaribio mara kadhaa, uandike hesabu zote, hata zile zisizopendeza, na uchore jedwali. Wanafunzi watakuwa wamejifunza upimaji wa asidi na besi, umuhimu wa kurudia, na jambo moja zaidi: kwamba "asali" si kitu kimoja. Asali ya nyuki wadogo, kwa mfano, ina maji mengi kuliko ile ya nyuki wakubwa, na mara nyingi ni kali zaidi kwa asidi. Majaribio haya yafanyike juu ya karatasi tu. Ni marufuku kwa mwanafunzi kuyafanya juu ya kidonda cha mtu yeyote, chake mwenyewe kikiwemo.

Kutoka karatasi ya darasani hadi bandeji ya hospitali ni safari ndefu, na hatupendi kumdanganya msomaji. Rangi za choya hufifia kwa mwanga na joto, navyo Dodoma ni vingi. Haifai rangi hiyo ivuje na kuingia kidondani. Kwa hiyo itabidi tabaka la asali liguse kidonda, na tabaka la rangi likae juu yake, likiwa limetengwa kwa utando upitishao maji bila kupitisha rangi. Maji ya kidonda si kama maji ya magadi; yana protini na chumvi ambazo huyazuia yasibadilike pH upesi. Kila moja ya matatizo haya ni mada ya utafiti wa shahada, na malighafi nyingi zinapatikana nchini. Hata mwani wa Zanzibar, ambao kwa miaka mingi umesafirishwa nje ukiwa mkavu, hutoa karajini, kitu kinachoganda kama jeli na ambacho watafiti wa nchi mbalimbali wanakijaribu katika bandeji.

Hoja za wapingaji

Wapo watakaosema kwamba zahanati inayokosa shashi na maji safi haina haja ya bandeji yenye kihisi. Hoja hii ni nzito, na twakubali nusu yake. Hapana kihisi kitakachochukua nafasi ya mikono iliyonawiwa, maji yaliyochemshwa na muuguzi aliyefundishwa. Fedha zikiwa chache, mambo hayo yatangulie. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho ingetufanya tungoje mpaka utajiri uje ndipo tuanze kufikiri, na wakati huo bandeji za wengine zitakuwa zimekwisha kuuzwa kwetu kwa bei ya wengine. Manuka ya New Zealand ni mfano. Peter Molan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waikato waliichunguza asali ya nchi yao kwa miaka mingi, wakaipima na kuipanga kwa daraja. Leo bandeji zake huuzwa duniani kote. Asali ile haikuwa dawa kwa sababu ya kusifiwa, bali kwa sababu ilipimwa. Asali ya Itigi haijapungukiwa na sifa. Inahitaji vipimo.

Wengine, nao ni wengi, watasema kwamba kitu cha asili hakina madhara. Hawa hatukubaliani nao hata kidogo. Jani la mshubiri lina majimaji ya aina mbili: ute mweupe wa ndani, ulio mpole, na utomvu wa manjano chini ya ganda, mchungu na wenye kuwasha. Mtu akivichanganya atamwumiza mgonjwa. Tena mishubiri ya porini, isipokuwa Aloe vera ilimwayo mashambani, biashara yake baina ya mataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa kuwa uchumaji ovyo huweza kuimaliza. Uasili wa kitu hautuambii lolote juu ya kipimo chake, usafi wake wala mwisho wake porini.

Mwishowe wapo wazee na waganga wa tiba asili watakaouliza: sisi tulijua habari za asali tangu zamani, mbona leo inaitwa uvumbuzi? Swali lao ni la haki. Nchi hii ina Taasisi ya Tiba Asili huko Muhimbili, ambayo ilianza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti. Tena ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Njia ya kushirikiana nao ipo. Utafiti wowote wa bandeji hii uandike tangu mwanzo nani alitoa ujuzi, asali ilitoka msitu gani, na faida ikipatikana itamrudiaje mfugaji nyuki. Mtafiti achukuaye ujuzi wa kijiji na kuondoka nao bila kuaga atayakuta milango imefungwa akirudi, na atakuwa ameifungia milango hiyo sayansi yenyewe.

La kufanya

Mambo matatu yaweza kuanza bila kungoja mtambo kutoka nje. La kwanza ni kuzipima asali za nyanda za kati, msitu kwa msitu na msimu kwa msimu: maji yake, pH yake, na nguvu ya peroksaidi yake dhidi ya bakteria wa vidonda. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina idara za kemia, biolojia na utabibu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani yake. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia yaweza kulifanya hili kuwa jambo la kupewa fungu. La pili ni kutengeneza kihisi cha rangi kisomekacho kwa jicho, chenye kadi ya kulinganishia, ambacho mhudumu wa afya kijijini aweza kukipiga picha kwa simu na kumpelekea daktari. Chombo kikisomeka kwa jicho hakitazimika umeme ukikatika. La tatu ni kufuata taratibu: maabara kwanza, wanyama baadaye, kisha wagonjwa walioelezwa na kuridhia, chini ya kamati za maadili na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Njia hii ni ndefu, lakini hakuna ya mkato iliyo ya haki kwa mgonjwa.

Kwa walimu wa sekondari twatoa ombi moja. Mwanafunzi akiuliza kama asali huponya kidonda, asijibiwe ndiyo wala hapana. Aulizwe: asali gani, kidonda gani, ikilinganishwa na nini, na umejuaje? Kisha apewe karatasi ya choya, magadi na dondoshea. Huenda miongoni mwa wanafunzi wa mwaka huu wa Mpwapwa, Kondoa au Singida yumo atakayeitengeneza bandeji hiyo. Na hata asipokuwepo, watakuwepo wengi ambao, siku mzazi wao atakapokanyaga mwiba asisikie maumivu, watajua kuushika mguu mmoja na kuulinganisha na mwenzake, na kumpeleka zahanati mapema.